Jina la Tatu Kwenye Orodha

Marie-Claire hanisemeshi siku hizi, na ana haki. Tunapanga chumba kimoja nyuma ya jengo la maduka la Workshop, katikati ya Durban: yeye ana upande wa vioo na viti vya saluni, mimi nina upande wa mlango na kabati langu la simu mbovu. Kati yetu pana hatua nne. Asubuhi ananipa "bonjour" yake kwa kuwa ni mtu wa kanisa, kisha basi, mpaka tunapofunga. Naandika habari zake kwa sababu watu wa kwao wanazisimulia vibaya, na mimi ni mmoja wa waliosababisha zisimuliwe vibaya.

Jina langu Gosbert, Mhaya wa Muleba. Najua mnavyotusema Wahaya, kwamba hatukosi la kujisifia. Basi niacheni nijisifu mara moja tu: mwaka 2024 nilikuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Msicheke. Tume ilikuwa na watu watatu na boksi moja lililokuja na nywele za bandia, lakini nilivaa tai.

Wakongo wa Uvira walioko hapa wana chama chao wanachokiita mutuelle. Ni chama cha kuzikana, kama vile tunavyovijua sote: mtu akifa wanachama wanakesha, wanapika, wanamsindikiza. Kina kamati ya watu tisa, na kamati hiyo ndiyo inayoamua marehemu azikwe wapi. Nalisema mapema ili lieleweke. Haamui mke, hawaamui watoto. Kamati inakaa na ndugu wa kiume wa marehemu, wanazungumza, wakitoka ndani neno limekwisha.

Mume wa Marie-Claire, Israël, alikuwa dereva wa foko, mashine ya kuinulia mizigo, katika ghala moja la Mobeni, mtaa wa viwanda. Alianguka kazini mwaka 2018 akiwa na miaka arobaini na sita. Marie-Claire alitaka azikwe Chatsworth, walikokuwa wakipanga, ili Jumapili baada ya ibada apite kumwona. Kamati ikaamua maiti iende Uvira. Kaka zake Israël waliitaka, na kamati iliona ni heshima mtu kulala na baba zake. Sawa, heshima. Lakini Marie-Claire ni mkimbizi. Mkimbizi akikanyaga tena nchi aliyoikimbia, serikali ya hapa inamwuliza basi ulikimbia nini, na karatasi zake zimekufa hapo hapo. Kwa hiyo hakuweza kumfuata mumewe. Alitumiwa picha moja ya mazishi kwenye simu. Shemeji zake wamejipanga mstari mbele ya kaburi, suruali safi, na kaburi lenyewe limefichwa na miguu yao. Simu hiyo ilipokufa aliniletea mimi niitengeneze. Alisimama juu ya kichwa changu kutwa nzima, akisema nikiipoteza ile picha atanichoma na pasi ya nywele.

Ndivyo alivyo. Ana ulimi, Marie-Claire. Mteja akilalamika kwamba anasukwa kwa nguvu, anaambiwa kichwa chake ndicho kigumu. Anakula amesimama, anacheka kupitia puani, hajui kubembeleza mtu. Hata hivyo wanawake wa Uvira wote wanakuja kwake, kutoka Chatsworth, kutoka Mobeni, wanaacha saluni tano njiani. Mtu akikaa saa nne kichwa chake kikiwa mikononi mwa mwenzake, atasema yote. Nami nilikuwa nasikia yote, maana hatua nne si ukuta.

Mwaka ule wa 2024 wenye nchi walikuwa wanachagua bunge lao. Kila nguzo ya taa ilikuwa na uso wa mtu, na redioni walizungumzia sheria mpya, kwamba safari hii mpiga kura atapewa karatasi tatu badala ya mbili. Marie-Claire alikuwa anatazama yale mabango huku anasuka.

"Bo banapewa karatasi tatu," alisema siku moja. "Mi sijapewaka hata moja. Ku Congo nilikimbia mbele ya kura. Huku niko mugeni. Na mu mutuelle niko mujane."

Hilo la mwisho lilihitaji maelezo, akanieleza. Katika mutuelle walikuwa wanachagua kamati kwa kunyoosha mikono, nyumba moja mkono mmoja, na mkono ni wa baba. Mjane alihesabiwa chini ya shemeji yake. Tangu Israël afe, mkono wa nyumba ya Marie-Claire ulikuwa unanyooshwa na mtu ambaye hata chai hawajawahi kunywa pamoja.

Ndipo akaja Anatole na mageuzi yake. Anatole ni katibu wa mutuelle, mtu mwembamba wa miwani, analinda magari katika maegesho ya jengo moja la ofisi, na ana shahada ya elimu ya maji. Aliisomea katika nchi ndogo ya mashariki ya Ulaya, moja ya zile zilizopata uhuru juzijuzi. Jina lake nalisahau kila akilitaja. Anasema alipofika kule walikuwa wanajifunza kuchagua. Bunge lao la kwanza kila mgombea alisimama peke yake na kununua kijiji chake kwa sukari na mafuta ya kupikia. Wakabadilisha sheria: watu wakapigia orodha badala ya mtu, kila chama kikapewa viti kulingana na kura zake, na kila jina la tatu kwenye orodha lazima liwe la mwanamke, la sivyo orodha nzima inatupwa. Anatole alikaa kule miaka minne, akapata baridi ya mifupa na mapenzi ya sheria za uchaguzi. Akaandika kanuni za mutuelle kurasa kumi na mbili. Kura ya siri. Orodha. Kila mwanachama mtu mzima na karatasi yake. Mwanamke nafasi ya tatu na ya sita.

Nilidhani wazee watazikataa. Hawakuzikataa, kwa sababu mwenyekiti, Séverin, aliona faida yake: kwenye orodha ni yeye anayepanga nani awe wa ngapi. Kwa hiyo zikapita, kwa kunyoosha mikono, nyumba moja mkono mmoja. Na kwa kuwa Wakongo hawaaminiani kwenye kuhesabu, wakatafuta mtu wa nje wa kuongoza tume. Wakanipata mimi.

Orodha zilikuwa mbili: ya Séverin na ya vijana, iliyoongozwa na fundi magari aitwaye Désiré. Désiré alikuwa ametangaza hadharani kwamba akiingia atabadilisha kanuni ya mazishi, mjane ndiye aamue. Kila mtu alidhani Marie-Claire atakwenda kwake. Hakwenda. Alikubali nafasi ya tatu kwenye orodha ya Séverin.

Nilimwuliza kama ana wazimu.

"Gosbert, uko najua kuhesabu ao hapana?" alinijibu bila kuacha kusuka. "Désiré atapata biti bine. Bitano hapana, bazee beko bengi. Sasa kama niko kule, tutakuwa bane na tutapigwa. Lakini kama niko mu nyumba ya Séverin, bane ba Désiré na mimi ni batano. Batano mu tisa."

Aliyekuwa akimwaza ni Huguette, mteja wake na rafiki yake, mpakiaji maboksi katika ghala jingine la Mobeni. Mume wa Huguette, Ciza, figo zilikuwa zimekataa, alikuwa anaingia na kutoka hospitalini. Ciza alikuwa amemwambia mkewe kwa mdomo wake: nizike pahali utakuwa unaniona. Huguette aliyasema hayo mbele yangu, machozi yanadondokea kwenye kitambaa cha saluni.

"Lakini Ciza akikufa bale bakaka yake batamubeba tu. Mi ni nani mu kamati?"

"Mi niko naingia mu kamati juu yako," Marie-Claire akamwambia. "Usilie, unanitikisia kichwa."

Uchaguzi ulifanyika Jumapili moja ya Agosti, katika ghala tupu la Mobeni ambalo kanisa lao linakodi. Nimeona mengi hapa Durban, lakini siku ile ilinipendeza. Wanawake walijaa. Walikuja na vitenge vya sherehe, na watoto mgongoni, wengine wametoka zamu moja kwa moja na vikofia vya nailoni kichwani. Bibi mmoja alinirudishia karatasi, akaniuliza kama kweli ni yake peke yake au aipeleke kwanza kwa mumewe. Nilimwambia ni yako, mama, mumeo ana yake. Akaibusu. Tulihesabu mbele ya watu wote: orodha ya Séverin kura 141, ya Désiré 96. Viti vitano kwa vinne. Nikasoma majina ya waliochaguliwa, na nilipofika "Marie-Claire" vigelegele vilipigwa mpaka mabati yakaitikia. Séverin naye alipiga makofi. Bila wale wanawake wa Marie-Claire asingepata 141, na alijua.

Nadhani hesabu ya Marie-Claire ilimfikia Séverin jioni ile ile. Siri gani inakaa saluni?

Jumapili iliyofuata kamati ilikuwa iapishwe. Asubuhi ile Ciza alizidiwa. Huguette Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na Kizulu hana kabisa, kwa hiyo Marie-Claire alikwenda naye hospitalini kuzungumza na manesi. Alimtumia Anatole ujumbe kwamba atachelewa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Mimi nilikuwapo, na tai yangu. Anatole alisimama na karatasi, akasoma kwa Kifaransa barua fupi iliyopigwa chapa: Marie-Claire anashukuru wanachama, anajiuzulu kiti chake kwa sababu za kifamilia, na nafasi yake ichukuliwe na anayefuata kwenye orodha. Aliyeingia alikuwa wa saba, shemeji wa Séverin. Aliyekuwa wa sita alikuwa mwanamke, lakini huyo naye, Anatole akasema, alikwisha kujitoa juzi. Watu wakaguna. Désiré akasimama akadai barua ile ni ya uongo.

"Tume iko hapa," Séverin akasema kwa upole. "Tusigombane. Président wa tume, kuja uangalie. Hii signature ni ya nani?"

Nikaenda nikaangalia. Sahihi ya Marie-Claire naijua, naiona kila wiki kwenye daftari la kupokelea mzigo wa nywele, ile M yenye mkia mrefu. Ilikuwa yake, kwa wino wa bluu, imeandikwa kwa mkono wake.

"Ni ya Marie-Claire," nikasema.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Mimi, fundi simu, sikumpigia. Niliulizwa swali la sahihi, nikajibu la sahihi, na nilijiona mtu wa haki kabisa. Katika dakika kumi shemeji wa Séverin alikuwa ameapa.

Marie-Claire alikuja kesho yake saa mbili asubuhi. Habari zilikuwa zimemkuta kwenye korido ya hospitali. Alisimama mbele ya kabati langu, akaweka mikono yote miwili juu ya kioo.

"Gosbert. Niliandika barua lini?"

"Sahihi ni yako, dada."

"Mi nakuuliza barua, unanijibu signature. Sijaandikaka barua."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo wao wote wanalijua na mimi nilikuwa silijui. Mtu akiingia mutuelle anamwachia katibu karatasi nyeupe, tupu, yenye sahihi yake chini. Ni desturi yao ya ukimbizini. Ukikamatwa na kibali kilichokwisha muda, ukilazwa hujitambui, ukifungiwa mahali huna simu, katibu anapiga chapa barua juu ya sahihi yako na kukimbia nayo polisi au kwa wakili. Imewaokoa wengi, na wala hawaoni ajabu. Kwetu Muleba anayesaini karatasi tupu huambiwa ameshauza kibanja, shamba la migomba la babake. Marie-Claire aliiacha ya kwake mwaka 2012, mwezi alioingia Durban, na Anatole aliitunza vizuri kwenye faili, haikukunjika hata pembe.

Tulikwenda kwa Anatole pamoja. Alikuwa kwenye kibanda chake cha maegesho, na vazi lake la kung'aa, akiinua na kushusha kizuizi cha magari. Sikutegemea kwamba hatakana.

"Maman Marie-Claire, usikasirike," alisema. "Sheria ilisema mwanamuke achaguliwe. Ulichaguliwa. Kila mutu aliona."

"Na kukaa?"

"Kukaa haiko mu kanuni." Akavua miwani, akaifuta. "Hata kule ku Ulaya nilikosoma, baliandikisha bamama ku liste, ba bunge bote banaonekana bazuri, observateurs, bale baangalizi, banafurahi. Kiisha kura, bamama banaandika barua, banaume ba biashara banaingia. Na ile ni Ulaya. Demokrasia iko natembea pole pole."

Nilimwuliza kama hicho ndicho alichokibeba kutoka Ulaya miaka minne, na baridi yote ile. Nilitamani kumzaba kibao. Gari lilikuwa linapiga honi nyuma yetu, na Anatole akatuomba tusogee.

Kanuni zilisema malalamiko yapelekwe kwenye tume ndani ya siku saba. Tume ni mimi. Niliandika uamuzi wa kurasa mbili, kwamba barua ile ni batili na kiti kirudishwe, nikaugonga muhuri wa duka langu kwa kuwa tume haikuwa na muhuri. Kamati ilinijibu kwa mistari mitatu: kazi ya tume ilikwisha siku ya kutangaza matokeo, wananishukuru kwa utumishi wangu, tai inabaki mali yangu. Hilo la tai kweli waliliandika. Tena walisambaza nakala.

Lililomuumiza Marie-Claire zaidi halikutoka kwa kamati, lilitoka kwa wateja. Barua ilisomwa mbele ya watu mia mbili, na mtu wa nje, yaani mimi mhesabu kura, alithibitisha sahihi. Nani atasadiki maneno ya karatasi nyeupe? Wengi wao wana karatasi zao katika faili lile lile, na kumwamini Marie-Claire kungewanyima usingizi. Ilikuwa rahisi zaidi kusema ameuza kura zao. Walisema sinki jipya la kuoshea nywele limetoka kwa Séverin. Sinki lile ni la mtumba, nililibeba mwenyewe begani kutoka Umbilo, nikapasua shati. Nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza, na kila aliyeuliza alinitazama kama mshirika. Wakaanza kupita mlangoni bila kuingia, wanakwenda kusukwa duka la tatu.

Ciza alifariki mwishoni mwa Septemba. Kaka zake walipiga simu kutoka Uvira kabla maiti haijapoa. Kamati ilikaa Jumamosi. Huguette aliruhusiwa kuingia na kusema; alisema maneno ya mumewe, nizike pahali utakuwa unaniona, wakamwambia mgonjwa husema mengi. Wakapiga kura. Wanne wa Désiré walisema azikwe hapa. Watano wakasema Uvira.

Marie-Claire alikuwa amekaa nje kwenye ngazi muda wote huo. Mimi pia nilikuwapo, ng'ambo ya barabara, maana hakutaka nikae karibu.

Jeneza lilichukuliwa Jumatatu mapema kutoka nyumba ya kuhifadhia maiti. Wanawake walikuwa wamejipanga ukutani na vitenge vyeusi. Marie-Claire alifika peke yake, akaenda moja kwa moja kwa Huguette, akafungua mikono. Huguette hakusogea.

"Mi nakuuliza kitu kimoja tu," alisema, sauti yake ndogo, na wote walikuwa wanasikia. "Ile signature ilikuwa yako?"

Nilijua angeweza kueleza yote, karatasi, mwaka 2012, faili. Nilijua pia kwamba pale, mbele ya lile jeneza, maelezo yoyote yangesikika kama uongo. Naye alijua.

"Ilikuwa yangu," Marie-Claire akasema.

"Basi."

Huguette akageuka, akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakiacha hapo mpaka wabebaji walipomwomba akitoe. Hakulia. Marie-Claire alibaki amesimama na mikono yake, hajui aiweke wapi, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyempisha nafasi ukutani.

Ghala lake Huguette linatoa ruhusa ya siku tatu kwa msiba, ila wanataka karatasi inayoonyesha mahali na saa ya mazishi. Mazishi hapa hayakuwapo, kwa hiyo hata karatasi haikuwapo. Jeneza la Ciza lilivuka mpaka wa Gatumba, kutoka Burundi kuingia Uvira, siku ya Jumatano saa nane mchana, na saa hiyo mke wake alikuwa Mobeni kwenye zamu, anafunga maboksi.